Ardhi iligawiwa sawa mwaka 1974. Kwa nini leo kijiji kina matajiri na vibarua?

AfisaJamii_Njombe

Ndugu zangu, salamu. Mimi ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata moja mkoani Njombe, na ninaomba msaada wa waliosoma sosholojia kunizidi. Kijiji ninachokizungumzia kilianzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974. Wazee wanasimulia kwa kauli moja kwamba kila kaya ilipimiwa shamba kwa kamba ileile, na kwamba mwenye zizi la ng'ombe na asiye na hata kuku walisimama katika mstari mmoja wakisubiri zamu. Leo kijiji hichohicho kina mwananchi mwenye Fuso mbili na shamba la parachichi lililoteremka hadi bondeni, na kina wajukuu wa waliopimiwa kwa kamba ile ambao kila asubuhi wanabisha hodi kwake kuomba kibarua cha kupalilia.

Tulipofanya mkutano wa kuhakiki orodha ya kaya maskini, nilisikia sababu nyingi. Wapo waliosema ni uvivu, wapo waliosema ni ulanzi, yaani pombe ya mianzi, na mzee mmoja alisema kwamba riziki hugawiwa na Mungu na haipimwi kwa kamba. Sikatai kwamba wavivu wapo. Ninachoshindwa kukubali ni kwamba uvivu uchague koo fulani na kuzifuata vizazi vitatu, huku koo jirani, zinazokunywa ulanzi uleule, zikiachwa.

Jambo jingine ambalo nimelishuhudia mwenyewe ni upakiaji wa viazi. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha hushonewa juu yake kipande cha gunia jingine. Mpakiaji hupanga viazi vikubwa pembeni, humimina vidogo katikati, hukandamiza kwa goti na kufunga kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza mazao kufungashwa kupita kilo 100, na kila mtu pale barabarani anajua hivyo, lakini mkulima hulipwa kwa gunia wala si kwa kilo, na sijamwona hata mmoja aliyekataa. Nilimuuliza mama mmoja kwa nini hakatai, akanijibu kwamba mwanawe anatakiwa kuripoti shuleni Jumatatu.

Katika stashahada tulikariri nadharia kwa ajili ya mtihani: uamilifu (kwamba kila sehemu ya jamii ina kazi yake), ile ya migogoro, na ile ya Weber. Je, kati ya hizo ipo inayoeleza jinsi watu walioanza sawa wanavyofikia kutokuwa sawa, au zote zinaeleza tu jamii ambayo tayari ina matabaka?

Mnunuzi_Makambako

Ndugu Afisa, nimesoma swali lako kwa makini, na kwa kuwa mimi ni mnunuzi wa viazi na mahindi mwenye kituo Makambako, ninaona nimo ndani ya simulizi yako ingawa hukunitaja. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni sokoni. Wenzangu wa wakati ule waliokuwa wakipata fedha sawa na zangu walizila, mimi nikaziweka. Gari linapokwama kwenye matope ya masika kati ya shambani na lami, viazi huozea mikononi mwangu, si mikononi mwa mkulima. Nikifika soko la Mabibo, Dar es Salaam, na kukuta magari mengi yameshateremsha, bei huanguka usiku huohuo na hakuna anayenifidia. Kama kipato changu kingekuwa sawa na cha mtu aliyelala nyumbani, nani angeikubali kazi hii? Ni vivyo hivyo kwa daktari: hakuna kijana atakayekesha na vitabu miaka mitano ya chuo kikuu ikiwa mshahara wake utalingana na wa mlinzi wa geti.

Kuhusu lumbesa, nitasema ambalo wengi wa kazi yangu hawapendi kulisema hadharani. Lumbesa ni bei. Mkinizuia kujaza, nitapunguza bei ya gunia, na mkulima atabaki palepale alipokuwa. Tazameni pia wafanyabiashara wenye asili ya Makete walioenea katika maduka ya Mbeya, Iringa na hapa kwetu. Walitoka kwenye milima yenye mashamba finyu na baridi kali, hawakupewa upendeleo na serikali yoyote, na wengi wamefika mbali. Kama hiyo si juhudi, ni nini?

Mhadhiri_Kihesa

Hoja ya ndugu Mnunuzi haistahili kubezwa, kwa sababu ndiyo ileile iliyoandikwa mwaka 1945 na wanasosholojia wawili wa Marekani, Kingsley Davis na Wilbert Moore, na ndiyo nguzo ya uamilifu katika suala hili. Walisema kwamba kila jamii ina nafasi zilizo muhimu kuliko nyingine na zinazohitaji kipaji au mafunzo ya muda mrefu. Ili wanaofaa wavutwe kuzijaza, jamii huziwekea malipo na heshima kubwa zaidi. Kwa mtazamo huo, kutokuwa na usawa ni chombo ambacho jamii imejiundia bila kukusudia, na kinaonekana kila mahali kwa sababu kila mahali kinahitajika.

Mwaka 1953 Melvin Tumin aliwajibu, na kwa maoni yangu pingamizi zake bado zimesimama. Umuhimu wa kazi unapimwaje? Wapakiaji wakigoma siku tatu, viazi vitaoza kabla mtu yeyote hajagundua kwamba mwenye lori yuko likizo, na bado mpakiaji ndiye anayelipwa kidogo. Kuna pia suala la vipaji: jamii yenye matabaka haiwezi kujua ina vipaji gani, kwa kuwa imewazuia watoto wengi wasijaribiwe. Na ile gharama ya mafunzo anayoitaja Mnunuzi kuhusu daktari, mara nyingi imelipwa na wazazi wala si na mwanafunzi, hivyo mshahara mnono unairudishia neema familia ambayo tayari ilikuwa nayo.

Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi ya uamilifu ni kwamba unachanganya maswali mawili. La kwanza ni nani anapata nafasi ipi. La pili ni kwa nini nafasi zenyewe zinalipa kwa tofauti kubwa kiasi hicho. Juhudi za ndugu Mnunuzi zinajibu vizuri la kwanza: kati ya wasukuma mikokoteni wote wa wakati ule, yeye ndiye aliyefikia kununua lori. La pili hazilijibu kabisa. Hata kama wote wangeweka akiba kama yeye, wasingekuwa wote na malori, kwa sababu lori linahitaji wapakiaji.

Karl Marx alianzia kwenye swali hilo la pili. Kwake yeye tajiri na maskini hawatofautiani kwa wingi wa mali tu, bali wamefungamana: mali ya mmoja inatokana na kazi ya mwingine, kwa kuwa mmoja anamiliki njia za uzalishaji na mwingine ana mikono yake tu. Wajukuu wanaobisha hodi kwa mwenye Fuso wanaelezeka hivyo. Lakini mama wa viazi si kibarua. Ana shamba lake, ana jembe lake, na hakuna aliyemwajiri. Hapo Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, anasaidia zaidi, kwa sababu aliliona tabaka kuwa ni nafasi ya mtu sokoni: amekuja na nini cha kuuza, na anaweza kusubiri kwa muda gani. Mama yule na mnunuzi wanakutana barabarani wakiwa sawa mbele ya sheria, ila mmoja anabanwa na Jumatatu ya shule na mwingine anaweza kuondoka kwenda kijiji cha pili. Kwa hiyo ninakubali kwamba lumbesa ni bei, lakini ninauliza ni bei iliyopangwa na nani. Tena gunia lisilo na kipimo humnyima muuzaji hata uwezo wa kulinganisha wanunuzi wawili, kwa kuwa hajui ameuza kilo ngapi.

Sasa nije kwenye kiini cha swali, yaani walioanza sawa. Mjadala huu una zaidi ya miaka mia moja, na ulipamba moto kwa wakulima wa Urusi. Mwaka 1899 Lenin alidai kwamba soko linapoingia kijijini, wakulima hugawanyika: wachache huongeza ardhi na kuajiri, wengi hupoteza ardhi na kuajiriwa, na mgawanyiko huo haurudi nyuma. Mchumi Aleksandr Chayanov, ambaye kazi yake kuu ilitoka mwaka 1925, alipinga. Alisema kwamba nyingi ya tofauti tunazoziona ni za umri wa kaya. Wanandoa vijana wana midomo mingi ya kulisha na mikono michache ya kulima. Watoto wakikua, mikono inaongezeka, shamba linapanuka na kaya inaneemeka. Kisha watoto wanaoa, mali inagawanywa, na kila mmoja anaanza upya. Anayekipima kijiji siku moja ataona tajiri na maskini, na akirudi baada ya miaka ishirini atawakuta wamebadilishana nafasi.

Ndugu Afisa, wewe una kitu ambacho watafiti wengi wangekitamani, yaani majina ya 1974. Ukikuta kaya zimepanda na kushuka kwa zamu, Chayanov atakuwa amesema kweli. Ukikuta koo zilezile juu na zilezile chini, kama unavyodokeza, basi Lenin ana haki zaidi. Binafsi ninashuku kwamba kijiji chako kiliishi kwa mzunguko wa Chayanov kwa muda mrefu, na kwamba sasa kinautoka, kwa kuwa mzunguko ule unategemea kuwepo kwa ardhi ya kupanukia, na miti ya mbao pamoja na parachichi vimeifunga ardhi hiyo. Mche wa parachichi uliobebeshwa unahitaji takriban miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya kwanza, na katika muda huo unadai mbolea, maji na uangalizi. Anayeweza kuiacha ekari bila mapato kwa miaka mitatu ni yule ambaye chakula chake kinatoka kwingine. Mwenye ekari moja tu hulazimika kuendelea na viazi, na siku ya shida huiuza ekari hiyo kwa yule anayeweza kusubiri.

Hapa Iringa tuna mfano mwingine, ambao watu huukumbuka kwa sababu ya damu tu. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi huko Isimani na mkulima Said Mwamwindi, katika mvutano uliohusu mashamba ya ujamaa. Simulizi nyingi huishia hapo, kila upande ukiwa na shujaa wake, na kwangu mimi hiyo ni hasara. Kinachostahili kusomwa ni miaka iliyotangulia, kwa sababu Isimani ilikuwa na ardhi tele, haikuwa na ukabaila wa kurithi, na bado mahindi ya biashara yalizaa wakulima wakubwa wenye matrekta kwa upande mmoja na vibarua wa kupalilia kwa upande mwingine.

Binti_Tukuyu

Shikamoo Mwalimu. Salamu pia kwako, ndugu Afisa. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tukuyu, na ninaona kwamba mjadala mzima umekubali bila kuhoji kwamba kaya zilipimiwa sawa. Kaya haikusimama kwenye mstari. Aliyesimama ni mwanamume, na jina lililoandikwa ni lake. Kwa hiyo hata siku ile ya kamba, nusu ya watu wazima wa kijiji hawakupewa chochote kilichokuwa chao wenyewe.

Nadharia alizozitaja Mwalimu huichukua kaya kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 ilimweka binti katika daraja la mwisho la warithi, na mjane ikamwachia atunzwe na watoto wake badala ya kupewa fungu. Baadaye mambo yalianza kubadilika: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilitambua kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini baraza la ukoo halikai mahakamani. Katika mashauri ninayoyasikiliza, mjane huambiwa kwa upole kabisa, mbele ya mchungaji, kwamba shamba ni la ukoo na kwamba yeye atalima tu mpaka watoto wakue. Watoto wakikua, shamba linakuwa la wa kiume.

Jambo hili linaathiri moja kwa moja swali la kwa nini wengine wanashuka. Kule Kyela kakao huuzwa ikiwa bado mtini, kwa bei ya chini sana, katika utaratibu unaoitwa njemke, na zaidi ya mara moja nimempokea mama aliyegundua wakati wa kuvuna kwamba msimu wote ulishauzwa na mumewe. Stakabadhi ghalani, yaani kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, imesaidia kupandisha bei, lakini haimsaidii mtu ambaye zao lake lilikwisha kuwa la mwingine kabla halijafika ghalani. Ninadhani basi kwamba sehemu ya jibu iko ndani ya nyumba, kabla hatujafika sokoni kwa Weber.

Mwalimu_Mstaafu_Mbeya

Marahaba, wanangu. Nimefundisha sekondari katika mkoa huu kabla Songwe haijamegwa mwaka 2016, na ningependa kuongeza la historia, kwa kuwa nyote mmeuanza mwaka 1974 kana kwamba kabla yake palikuwa patupu.

Wakati wa ukoloni nyanda hizi zilihesabiwa zaidi kama ghala la nguvukazi. Kodi ya kichwa ilidai fedha taslimu, na fedha haikuwepo kijijini, hivyo wanaume wa Ubena na Ukinga walikwenda kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mkonge wa Tanga na Morogoro, wa Unyakyusa wakaenda kuchimba dhahabu Lupa, Chunya, katika miaka ya 1930, na wengine wakavuka hadi migodi ya Afrika Kusini. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1972 kwamba maendeleo ya upande mmoja na kudumaa kwa upande mwingine ni mambo mawili ya historia moja, na kwa maeneo yetu sioni cha kumpinga. Hata leo, msichana anayetoka kijijini Iringa au Njombe kwenda kuwa mfanyakazi wa ndani Dar es Salaam anapita njia iliyofunguliwa na manamba, ingawa yeye amepanda basi.

Lakini hawakurudi wote mikono mitupu, na hawakubaki wote bila shule. Wamoravian walifungua kituo Rungwe mwaka 1891, Walutheri wa Berlin wakajenga vituo vyao Ubena, na waliokaa karibu na vituo hivyo walijifunza kusoma mapema. Kamba ya mwaka 1974 ilipima ardhi. Haikupima kusoma na kuandika, haikupima nani ana kaka karani wilayani. Mfaransa Pierre Bourdieu aliuita urithi wa namna hii mtaji wa kitamaduni na mtaji wa mahusiano, na alieleza kwamba shule huupokea mtaji huo kutoka nyumbani, huupa cheti, kisha hukiita kipaji cha mtoto. Nimeliona hilo darasani miaka yote. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo, mbali na Kiswahili chenyewe, linafundishwa kwa Kiingereza. Yule aliyetoka shule ya kulipia amekizoea tangu chekechea. Wakifanya mtihani mmoja, tunasema mmoja ana akili kuliko mwingine. Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne, nami niliipongeza hatua hiyo, lakini ada ilikuwa kizuizi cha mlangoni, na vizuizi vingi viko ndani.

Nimalizie na la serikali, maana kijana anaweza kudhani kuwa haya yote ni kama mvua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, katika Azimio la Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Hata kabla ya hapo, mwaka 1976, Issa Shivji alikuwa ameshaandika kwamba ndani ya dola yenyewe kulikuwa kumechipuka tabaka la warasimu, yaani maofisa wa serikali na mashirika yake, lenye maslahi yake. Mimi nilikuwa mwanachama mtiifu wa chama na sikuupenda uchambuzi ule. Hata hivyo warasimu hao nimewaona kwa macho yangu, wakipewa viwanja.

AfisaJamii_Njombe

Ninawashukuru sana. Baada ya kusoma maelezo ya Mhadhiri nilikaa na wazee wawili tukaipitia orodha ya majina ya 1974, familia moja baada ya nyingine.

Katika familia zilizopanda, karibu zote zilikuwa na mtu mwenye mshahara nje ya kilimo wakati fulani. Mmoja alikuwa na baba aliyeajiriwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilipofunguliwa, mwingine ana binti mwalimu, mwingine alifanya kazi kiwanda cha chai Mufindi na kurudi na kiinua mgongo. Yule mwenye Fuso, ambaye kijiji kizima kinamtaja kama mfano wa juhudi, alianza na fedha za kaka yake. Hilo linampa nguvu Mwalimu Mstaafu: kilichopimwa kwa kamba hakikuwa ndicho kilichoamua.

Kwa walioshuka, neno tulilolirudia mara nyingi ni ugonjwa. Mkoa wetu ndio wenye maambukizi makubwa ya VVU nchini. Utafiti wa mwaka 2022/23 uliupa asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.4. Kabla dawa hazijapatikana kwa urahisi, baba aliugua, shamba la kwanza likauzwa kwa matibabu, akafariki, shamba la pili likauzwa au likachukuliwa na ndugu, kama Binti Tukuyu alivyoeleza, na watoto wakabaki na bibi. Ardhi hizo zilinunuliwa na wenye mshahara. Wazee walinitajia mipaka yake bila kusita: kutoka mti huu hadi kijito kile palikuwa pa fulani.

Swali langu lililobaki ni la kiutendaji. Mkutano wa hadhara unakaribia, na fomu niliyonayo inauliza kaya ina nini leo: bati au nyasi, milo mingapi, mifugo mingapi. Je, niridhike nayo?

Mnunuzi_Makambako

Nimewasoma wote, na sitaki nionekane mkaidi. Ninabaki na msimamo kwamba aliyejinyima anastahili zaidi ya aliyetapanya, na Mhadhiri mwenyewe hakulikataa hilo. Ila nina jambo kuhusu mizani ambalo labda wasomi hawalioni wakiwa Kihesa. Ninaweza kuanza kununua kwa kilo kesho. Mpinzani wangu atanunua kwa lumbesa, gunia lake likifika sokoni litaonekana kubwa kuliko langu kwa bei ileile, na mchuuzi wa Dar es Salaam atamchagua yeye. Baada ya msimu mmoja mimi nitarudi kwenye mkokoteni na lumbesa itaendelea. Sio kwamba ninapenda kumuumiza mama wa watu. Wakitulazimisha wote kwa siku moja, barabara zote, pamoja na kule tunakoteremshia mzigo, sina pingamizi.

Mhadhiri_Kihesa

Ndugu Mnunuzi, katika aya hiyo moja umeeleza muundo wa jamii vizuri kuliko wengi wa wanafunzi wangu. Mtu mwema akikaa katika nafasi ile atajaza lumbesa kama mtu mbaya, na ndiyo maana sosholojia haianzi kwa kuuliza nani ana roho mbaya. Kuhusu Makete, sikukusahau. Ninavyoufahamu utaratibu wao, kijana huchukuliwa na ndugu, hufanya kazi dukani miaka kadhaa bila mshahara wa maana, kisha hufunguliwa duka lake na kuunganishwa na wauzaji wa jumla wanaomwamini kwa jina la ndugu yake. Juhudi ipo, na ni kubwa. Lakini kijana mwenye juhudi hiyohiyo asiye na ndugu dukani hana pa kuipeleka. Mmarekani Charles Tilly aliliita jambo hili, mwaka 1998, kuhodhi fursa, na alisisitiza kwamba wanaohodhi si lazima wawe matajiri wala wenye nia mbaya. Inatosha wawe kundi linalojuana na kupeana nafasi wenyewe kwa wenyewe.

Ndugu Afisa, fomu yako inapima umaskini, na umaskini si sawa na ukosefu wa usawa. Kitaifa, watu walio chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi walipungua kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4 mwaka 2017/18, lakini takwimu hiyo haikwambii kitu kuhusu uhusiano wa mwenye Fuso na wanaompalilia, kwa sababu wote wanaweza kupanda kidogo huku umbali kati yao ukiongezeka. Ijaze kama unavyotakiwa, kwa kuwa ruzuku inaifuata. Kisha uwe na daftari lako la pembeni, na kwa kila familia andika ardhi iliyouzwa, mwaka iliouzwa, sababu ya kuuzwa, aliyenunua, na fedha za aliyenunua zilitoka wapi. Na kama Binti Tukuyu alivyosema, kwenye sehemu ya mwenye shamba andika majina ya mume na mke, kila mmoja na lake. Ukimaliza koo kumi hivi, niandikie tuzisome pamoja. Ninao wanafunzi wawili wanaoweza kuja kukusaidia wakati wa likizo, mradi mwenyekiti wa kijiji aridhie.